Kopo la poda ya uyoga: mwongozo kamili wa jinsi seli za kinga zinavyotambua tiba za saratani zenye asili ya sukari

Shemeji yangu alishuka kwenye matatu ya Ahero amelikumbatia kopo la plastiki kama mtu aliyebeba mayai. Alilinunua Kondele, Kisumu, kwa pesa ambazo zingetosha unga wa nyumba yake mwezi mzima, ampelekee dada yake anayetibiwa saratani ya matiti. Ubavuni paliandikwa beta-glukani, chini yake "huamsha seli za kinga", na juu kabisa kulikuwa na picha ya ngao.

"Shemeji, wewe umezeekea maabara," akaniambia kabla hata hajaketi. "Niambie hii ni dawa au nimeliwa."

Sikuwa na jibu la neno moja. Kuna sukari ambazo seli za kinga huzitambua kweli, na baadhi yake zimekuwa dawa za saratani zinazotolewa hospitalini. Ila seli haisomi lebo. Inasoma umbo la sukari, ukubwa wa kipande, na mahali ilipokutana nacho. Hayo matatu ndiyo tuliyoyafuata mezani siku hiyo, tukiwa na kopo lake, kipande cha ugali uliolala na chupa ndogo ya ayodini. Nayapanga hapa kwa mfuatano uleule, pamoja na nyongeza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno na Egerton wanaonipigia simu majaribio yao yakiwagomea.

Hatua ya 1: Iweke kando sukari ya chai

Ukitaja sukari na saratani kwa pamoja huku Kisumu, wa kwanza atakwambia sukari huilisha saratani, wa pili ataacha uji. Hayo ni mazungumzo mengine. Kila seli ya mwili hutumia glukosi, iwe mgonjwa au mzima, na mtu anayekonda kwa kemo hahitaji kunyimwa chakula. Sukari tunayoizungumzia hapa ni minyororo mirefu, ile ambayo vitabu huiita polisakaraidi.

Ifikirie glukosi kama ushanga mmoja. Zifunge shanga hizo kwa fundo la alfa, utapata wanga wa mahindi, yaani ugali. Zifunge kwa fundo la beta kati ya kaboni ya 1 na ya 4, utapata selulosi, yaani nyasi anazotafuna ng'ombe. Zifunge kwa beta kati ya 1 na 3, kisha uchomekee matawi kwa fundo la 1 na 6, utapata beta-glukani ya ukuta wa hamira na wa uyoga. Shanga ni zilezile, mafundo ndiyo yamebadilika. Mate yanaanza kulifungua fundo la ugali ukiwa bado unatafuna. La uyoga hayaliwezi, kwa maana mwili wa binadamu hauna kimeng'enya chake.

Wala mwili wetu hautengenezi beta-glukani. Ndiyo sababu seli ya kinga ikiigusa haihitaji kuhoji sana: kuna kuvu ameingia. Uwezo huu haukuletwa na saratani. Ni ulinzi wa kale dhidi ya kuvu, na mwaka 2009 watafiti walieleza familia moja ya Uholanzi iliyorithi kasoro kwenye kipokezi cha beta-glukani, yaani protini iliyo juu ya seli ya kinga inayoinasa. Wanawake wake walisumbuliwa na maambukizi ya kuvu aitwaye kandida yanayorudi kila mara. Tiba ya saratani imeazima kengele iliyokwisha kufungwa mlangoni kwa ajili ya mwizi mwingine.

Oti na shayiri nazo zina beta-glukani, lakini mafundo yake ni mchanganyiko wa 1,3 na 1,4. Husaidia kushusha kolesteroli, na uji wake ni mtamu. Usichanganye habari zake na za uyoga. Lebo ikisema "beta-glukani" tupu bila kutaja mafundo, bado haijakwambia kitu.

Hatua ya 2: Pima wanga kabla ya kupima matumaini

Hii unaweza kuifanya jikoni. Uyoga mwingi wa biashara hukuzwa juu ya nafaka. Mtengenezaji akisaga nyuzi za kuvu pamoja na nafaka zilimokulia, mteja analipia nafaka. Na lebo inayosema "polisakaraidi asilimia kadhaa" haidanganyi, kwa sababu wanga pia ni polisakaraidi. Hapo ndipo wengi huliwa.

Tia nusu kijiko cha chai cha poda kwenye nusu kikombe cha maji, chemsha dakika mbili tatu, kisha uache ipoe kabisa. Usifanye haraka: ikiwa moto, rangi haitokei. Andaa kikombe cha pili chenye kipande cha ugali kilichovurugwa kwenye maji, na cha tatu cha maji matupu. Ukipata uyoga mbichi sokoni, uchemshe nao uwe kikombe cha nne. Dondosha matone mawili au matatu ya ayodini ileile ya darasa la sayansi katika kila kimoja. Ugali utageuka samawati iliyokoza karibu na nyeusi, na maji yatabaki na rangi ya ayodini. Poda ikifuata ugali, ina wanga mwingi. Ikibaki hudhurungi, wanga ni kidogo. Mwaga vikombe vyote, usionje, na usivichanganye na vya chai.

Jaribio hili halithibitishi kwamba beta-glukani imo. Linakuonyesha tu kitu kingine kilichojaza kopo. Maabara iliyo makini hupima glukani zote, kisha huondoa zile za alfa, na kinachobaki ndicho beta. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kumdai muuzaji.

Poda ya shemeji iligeuka nyeusi kabla ya tone la tatu. Alikaa kimya, akachungulia kikombe cha ugali, akarudi kwenye chake. Nilimwambia tusiishie hapo, maana hata ingekuwa beta-glukani safi, maswali magumu yalikuwa bado.

Hatua ya 3: Mjue anayeipokea

Mbele kabisa wako walinzi wa kuzaliwa nao: makrofeji, monosaiti, nyutrofili na seli za dendriti. Kwenye ngozi ya seli hizi kuna kipokezi kiitwacho Dektini-1. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon, wakiwa Oxford, walionyesha kwamba hicho ndicho kipokezi cha beta-glukani. Kinataka mnyororo wa 1,3 usiopungua glukosi 10 hivi. Kipande kifupi zaidi ya hapo hupita kama kivuli.

Mnyororo unaponasa, mkia wa Dektini-1 ulio ndani ya seli huwekewa alama ya fosfeti, protini iitwayo Syk hujishikiza hapo, na ujumbe unapitia CARD9 hadi kwenye kiini. Jeni huwashwa. Seli humeza ilichokishika na kuanza kutoa sitokini kama TNF, IL-6 na IL-23, ambazo ni mbiu kwa seli nyingine. Seli ya dendriti ikishaamka hivyo, husafiri hadi kwenye tezi za limfu na kuzionyesha seli T, askari wanaomsaka adui mmoja mahususi, vipande vya protini ilivyovikusanya njiani, vya uvimbe vikiwemo kama vilikuwepo. Hiyo "kama" ni nzito. Beta-glukani haiijui saratani. Inapiga kengele tu. Nani akamatwe ni kazi ya seli T, kingamwili (protini za damu zinazonasa shabaha moja), na vielelezo vilivyopatikana karibu na hapo.

Mpokezi wa pili ni CR3. Kingamwili ikishika seli ya saratani, mfumo wa komplimenti, yaani protini za damu zinazomtia adui alama, huipaka seli hiyo kipande kiitwacho iC3b. Nyutrofili hukishika kipande hicho kwa sehemu moja ya CR3, na sehemu nyingine ya CR3 hiyohiyo hushika beta-glukani. Zikikutana zote mbili, nyutrofili huwa kali zaidi kwa seli iliyopakwa. Ndiyo maana watafiti walipendelea kuoanisha beta-glukani na dawa za kingamwili badala ya kuipa peke yake.

Lipo na jambo la tatu, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen walionyesha kwamba monosaiti iliyokutana na beta-glukani hubaki na alama kwenye protini zinazofungasha DNA yake, na ikichokozwa tena baadaye, hata na kitu tofauti, hujibu kwa nguvu zaidi. Waliiita kinga iliyofunzwa. Zamani tulifundishwa kwamba seli hizi hazina kumbukumbu. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hivyo kwa miaka, na nikikutana na wanafunzi wangu wa zamani huwa nawaomba radhi.

Hatua ya 4: Uliza ukubwa, kisha uliza njia

Dektini-1 inaweza kushika beta-glukani iliyoyeyuka na bado isipige kengele. Mwaka 2011 ilielezwa kwa nini. Juu ya seli kuna protini kama CD45, ambazo kazi yake ni kufuta zile alama za fosfeti. Chembe ngumu, mfano kipande cha ukuta wa hamira, ikibanana na seli, huzisukuma CD45 pembeni, na pale katikati Dektini-1 hubaki huru kufanya kazi yake. Sukari iliyoyeyuka haiwezi kuwasukuma wafutaji hao. Alama zinaandikwa, na papo hapo zinafutwa.

Mwandishi wa lebo hafikirii hata kidogo juu ya hili. "Humumunyika kwa urahisi kwenye chai" linaandikwa kama sifa. Huenda ndilo linaloifanya seli iinyamazie.

Njia nayo ina habari zake. Huko Japani, Goro Chihara na wenzake walieleza mwaka 1969 kwamba lentinani kutoka uyoga wa shiitake huzuia uvimbe kwa panya. Ilipokuja kuidhinishwa kwa saratani ya tumbo, ilitolewa kwa sindano ya mshipa, pamoja na kemo. Krestini, iliyoidhinishwa huko mwaka 1977, ilimezwa, ila ilikuwa dutu iliyosafishwa, yenye kipimo kinachojulikana, na iliongezwa kwenye matibabu mengine. Anayekuuzia poda akitaja Japani, muulize: ni dutu ileile? Njia ileile? Pamoja na kemo au badala yake? Muuzaji wa shemeji alitaja Japani. Hayo mengine hakuyataja.

Hatua ya 5: Geuza darubini, tazama sukari zilizo juu ya saratani

Mpaka hapa sukari ilikuwa dawa. Upande wa pili sukari ndiyo shabaha. Mfano rahisi ni kundi lako la damu. Tangu Karl Landsteiner aeleze makundi hayo mwaka 1901, tumekuja kujua kwamba tofauti ya A na B ni sukari moja mwishoni mwa mnyororo: A ina N-asetili-galaktosamini, B ina galaktosi, O haina yoyote kati ya hizo. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B hata kama hajawahi kuongezewa damu, kwa kuwa bakteria wa tumboni walimfundisha angali mtoto. Yeyote aliyewahi kuhangaika kutafuta damu ya ndugu yake usiku anajua kinga huchukulia kwa uzito gani sukari moja.

Seli za saratani mara nyingi hushindwa kukamilisha minyororo yake ya sukari. Hapo hubaki visiki, kama antijeni (alama ambayo kinga inaweza kuitambua) iitwayo Tn, ambayo ni N-asetili-galaktosamini peke yake juu ya protini. Ikiongezewa asidi ya siali, sukari nyingine, huwa sialili-Tn, inayoonekana pia kwenye baadhi ya saratani za matiti. Wazo la chanjo lilijileta lenyewe: mfundishe mwili kukichukia kisiki hicho.

Tatizo ni seli T. Kwa kawaida seli T husoma vipande vya protini, na mnyororo mtupu wa sukari huipita bila kuonekana. Bila msaada wa seli T, seli B, ambazo ndizo watengenezaji wa kingamwili, hutoa kingamwili dhaifu aina ya IgM, na kumbukumbu haikai. Dawa yake ni kuifunga sukari kwenye protini. Seli B huishika sukari, humeza kifurushi kizima, na kuionyesha seli T ile protini ili ipewe kibali. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ameliona jambo hili bila kuambiwa: chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011 ni sukari za ganda la bakteria zilizofungwa kwenye protini.

Kwa saratani walifanya vivyo hivyo. Theratope ilikuwa sialili-Tn iliyofungwa kwenye protini ya konokono wa baharini. Ikajaribiwa kwa wanawake zaidi ya 1,000 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, na mwaka 2003 matokeo yakasema haikurefusha maisha. Kingamwili zilitoka, uhai haukuongezeka. Shemeji aliponiuliza "kuamsha kinga si ndiyo kupona?", hili ndilo nililomjibu nalo.

Walipofanikiwa ni pale walipoacha kuufundisha mwili, wakauletea kingamwili iliyokwisha kutengenezwa. Dinutuksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa watoto wenye nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, hushika GD2, mafuta yenye kichwa cha sukari. Seli NK, walinzi wanaoua seli zilizoharibika, na nyutrofili huushika mkia wa kingamwili hiyo na kuishambulia seli. Lakini GD2 ipo pia kwenye neva, na kwa hiyo dawa hii huleta maumivu makali. Watoto hupewa dawa kali za maumivu inapoingizwa mwilini.

Saratani nayo huzitumia sukari kujificha. Ikijipaka asidi ya siali kwa wingi, vipokezi vya Siglec-7 na Siglec-9 vilivyo kwenye seli NK huisoma kama kitambulisho cha mwenye boma, na askari hurudi kibandani. Kuna tiba zinazojaribiwa za kuivua seli koti hilo.

Hatua ya 6: Tazama mkono wako wa kushoto

Wakenya wengi tuna kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai aliyedhoofishwa, kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Bakteria huyohuyo ni tiba ya saratani ya kibofu isiyoingia kwenye msuli. Alvaro Morales alieleza matokeo ya wagonjwa wa mwanzo nchini Kanada mwaka 1976, na Marekani ikaidhinisha mwaka 1990. Huingizwa kwenye kibofu kwa mrija, mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Ukuta wa BCG umejaa sukari: minyororo yenye vikofia vya sukari iitwayo manosi, inayoshikwa na kipokezi cha manosi na kingine kiitwacho DC-SIGN, na vipande vya muramili, sukari ya ukuta wa bakteria, vinavyotambuliwa ndani ya seli na NOD2. Kipande kimoja cha aina hiyo kilitengenezwa kiwandani kikawa mifamurtidi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2009 kwa saratani ya mifupa ya vijana.

Kovu lako halikukingi na saratani ya kibofu. Nalisema kwa sababu nimeulizwa, tena na mtu aliyesoma.

Hatua ya 7: Kwa walio maabara

Ukitaka kujua kama sukari yako inaamsha monosaiti, adui wako wa kwanza ni endotoksini, sukari yenye mafuta kutoka kwenye bakteria wa Gram-hasi. Kiasi chake kidogo mno kikigusa kipokezi cha TLR4, TNF inapaa. Mwanafunzi hufurahi wiki nzima, kumbe amepima uchafu wa maji. Otoklevu ya nyuzi 121 huua bakteria bila kuiondoa endotoksini. Vyombo vya glasi vioke kwenye nyuzi 250 kwa dakika 30. Weka kikombe kimoja chenye polimiksini B, ambayo huifunga endotoksini: majibu yakizimika, ulichoona kilikuwa endotoksini.

Kisha kuna mtego ndani ya mtego. Kipimo cha endotoksini kinachotumia damu ya kaa-farasi huitikia pia beta-glukani kupitia njia yake ya Fakta G, na kukuonyesha uchafu usiokuwepo. Omba kile kilichozibwa njia hiyo. Mwisho, zuia Dektini-1 kwa laminarini, beta-glukani ya mwani, iliyoyeyuka, au Syk kwa dawa yake, uone kama ishara inashuka. Zimosani, yaani chembe za ukuta wa hamira, isikudanganye: huigusa TLR2 pia, kwa hiyo peke yake haithibitishi Dektini-1.

Hatua ya 8: Nenda na kopo kliniki

Usilifiche. Iwe unatibiwa Jaramogi hapa Kisumu, hospitali ya rufaa Nakuru au Eldoret, liweke kopo mezani mbele ya daktari au mfamasia na useme umelitumia tangu lini na kiasi gani. Anayemeza dawa za kutuliza kinga baada ya kupandikizwa figo, na anayepata dawa zinazofungua breki za seli T, wana sababu zaidi ya kusema mapema. Mwenye kisukari na poda iliyogeuka nyeusi kwa ayodini anakula wanga bila kujua. Ukiwa na homa katikati ya kemo, kimbilia hospitali siku hiyohiyo; hakuna poda ya kusubiri.

Angalia kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Kisha andika maswali yako kwenye karatasi, kwa sababu ukifika chumbani yatayeyuka. Ya shemeji yalikuwa manne: mafundo ni ya aina gani, beta ni kiasi gani baada ya kutoa alfa, ni chembe au imeyeyuka, na ilijaribiwa kwa watu wenye saratani gani, kwa njia gani. Alimpigia muuzaji kwanza. Simu ilikatika kwenye swali la pili.

Jumatatu alimsindikiza dada yake kliniki, kopo likiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Daktari aliisoma lebo hadi mwisho, akaandika jina la poda kwenye faili, akawaambia waiache, na kemo ikaendelea tarehe ileile.